Seti ya masomo ya nyumbani kwa familia kubwa ya Kikatoliki: nunua nusu, nusu iache

Nianze na hukumu, maana najua wengi mtakaosoma haya mmeshika simu mkono mmoja na mtoto mkono wa pili. Kama una mtoto mmoja au wawili, seti hii inunue nzima, itakufaa. Kama una watoto sita kwenda juu, chukua vitabu vya familia, bango na kadi. Vitabu vya darasa chukua vya hesabu tu, vingine waachie wenyewe. Yanayofuata ni sababu zangu.

Sisi tuna watoto wanane. Kifungua mimba ana miaka 15, na kitinda mimba ndiyo kwanza ameanza kukimbia. Kati yao wapo wa 13, wa 11, mapacha wa 9, wa 7 anayejiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, na wa 4 anayeshikilia kwamba na yeye yuko darasani. Tunawasomesha nyumbani, asubuhi mimi, jioni baba yao anashika hesabu za wakubwa. Mwaka wa kwanza na seti hii tumeumaliza, na sasa vitabu vya mwaka wa pili vimetandazwa mezani vinasubiri kuandikwa majina. Jina la mchapishaji silitaji. Seti za namna hii zinafanana, wachapishaji wanaigana hadi rangi za majalada, kwa hiyo mengi ninayoyasema utayakuta katika yoyote utakayoagiza.

Sandukuni mna kiongozi cha mzazi, majedwali ya wiki 36, vitabu vitatu vya familia nzima (dini, historia na maisha ya watakatifu), vitabu vya mazoezi vya kila darasa kwa hesabu, lugha na sayansi, pakiti ya kadi za matukio, bango la mwaka wa liturujia, na kitabu kimoja kinene cha majibu. Kila mtoto unayemwongeza unamwongezea vitabu vya darasa lake, na hapo ndipo gharama inapopaa.

Kiongozi cha mzazi kinafungua kwa barua ndefu. Gravissimum educationis, tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la mwaka 1965, limo. Kanuni ya 793 ya Sheria za Kanisa imo. Namba 2223 ya Katekisimu, kitabu rasmi cha mafundisho ya Kanisa, imo. Yote ni kweli na ni mazuri, wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao, hakuna ubishi. Lakini aliyekwisha lipia hahitaji kushawishiwa tena. Ninachotaka kujua Jumatatu ya kwanza ya mwaka ni nani akae wapi, nani aanze na mimi, na huyu mdogo nimpe nini mkononi ili kalamu za wenzake zisalimike. Kwa hilo barua imenyamaza.

Tupige hesabu. Kiongozi kinasema mtoto wa madarasa ya chini na ya kati anahitaji mzazi kando yake kwa saa moja na nusu kila siku, mbali na kazi anazofanya peke yake. Haya. Mimi ninao wanne wa aina hiyo. Hizo ni saa sita, kabla hujahesabu sala ya asubuhi, kabla hujambadilisha mtu nepi, na kabla wakubwa wawili hawajaja na maswali yao, yale maswali yanayokulazimu uvute kiti. Aliyeandika kiongozi alikuwa anaona kichwani mtoto mmoja, meza moja, mama mmoja na nyumba tulivu. Familia kubwa katukumbuka kwenye jalada tu, walikochorwa watoto saba wamekaa wima kama wanakwaya siku ya Pasaka.

Ndiyo maana kila kilichomo sandukuni nakipima kwa swali moja: hiki nakifundisha mara moja kwa wote, au mara sita?

Kwa kipimo hicho kitabu cha dini kinaongoza, na kwa mbali. Kimefuata sehemu nne za Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992: mwaka wa kwanza imani tunayoiungama, wa pili liturujia na sakramenti, wa tatu maisha katika Kristo, wa nne sala. Nyumba nzima inakuwa sehemu moja kwa mwaka mzima. Somo ni moja, linasomwa kwa sauti kwa wote, halafu chini ya ukurasa kuna maswali ya ngazi tatu. Wadogo wana swali moja la kukariri na jibu la mstari mmoja. Wa kati wana maswali matatu na kazi ya kutafuta aya katika Biblia. Wakubwa wanapewa namba za Katekisimu yenyewe wakaisome wenyewe na kuandika. Mtoto anayeanza na miaka 6 na kumaliza na 18 atakuwa amepita kila sehemu mara tatu, kila mara akiwa na akili nyingine. Huu ni mpango wa mtu aliyewahi kuwa na watoto wengi, au angalau aliyewauliza wenye nao.

Kinachokosekana ni hiki. Mzunguko haujui mtoto wako ana miaka mingapi. Kwetu mwaka huu umeangukia pazuri, wa 7 anajiandaa kwa Komunyo na kitabu kinaingia kwenye sakramenti. Ni bahati tu. Huyu wa 4 akifikisha miaka 7 tutakuwa tumerudi kwenye Kanuni ya Imani, na sakramenti zitamfikia akiwa na 8. Kiongozi hakina hata nusu ukurasa juu ya mtoto wa namna hiyo, na hili si jambo la pembeni katika nyumba ya Kikatoliki. Kanuni ya 914 inawapa wajibu huo wazazi kwanza, na paroko pia, kuona kwamba watoto waliofikia umri wa akili wanaandaliwa na kulishwa Ekaristi mapema iwezekanavyo. Kwa hiyo chochote kitakachosemwa na seti, panga na parokia yako mwanzoni mwa mwaka. Uliza mapema kama mtoto anayesoma nyumbani atahudhuria mafundisho pamoja na wenzake au atahojiwa na paroko mwenyewe. Usisubiri wenzake waanze mazoezi ya maandamano ndipo uulize.

Jambo la pili la kitabu cha dini ni tarehe. Majedwali yamepangwa wiki ya 1 hadi ya 36 bila tarehe, na tangazo linajisifia kwamba unaweza kuanza wakati wowote. Unaweza, ndiyo. Ila aliyepanga alikuwa anafikiria Septemba. Majilio, kipindi cha kusubiri Noeli, yamewekwa wiki ya 13, mahali pake kabisa kwa anayeanza mwanzoni mwa Septemba. Sisi tunaanza Januari. Ukifuata majedwali kama yalivyo, wiki ya 13 utakuwa umo ndani ya Kwaresima au ukingoni mwa Pasaka, na watoto wako wanapaka rangi taji la Majilio, mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi. Mtoto wa miaka 7 anakubali. Wa miaka 13 anakuangalia.

Dawa yake si ngumu. Kurasa za dini zimetobolewa kingoni, kwa hiyo nilizitoa zote, nikazipanga kwenye faili la pete kwa kufuata kalenda ya Kanisa badala ya namba za wiki, na kwenye majedwali nikaandika tu "dini: angalia faili". Masomo ya mafundisho, yasiyofungamana na sikukuu, yanajaza nafasi za Kipindi cha Kawaida, zile wiki zilizo nje ya Majilio, Noeli, Kwaresima na Pasaka. Kazi hiyo fanya kabla mwaka haujaanza, usiku, watoto wakiwa wamelala. Ukiisogeza hadi wiki ya pili haifanyiki tena.

Bango la mwaka wa liturujia limenifurahisha kuliko nilivyotegemea, mimi nisiye mtu wa mabango. Ni duara kubwa la karatasi ngumu lenye rangi za majira yote: zambarau ya Majilio na Kwaresima, nyeupe ya Noeli na Pasaka, kijani kirefu cha Kipindi cha Kawaida, kipande chembamba chekundu cha Pentekoste. Katikati kuna mshale umeshikwa kwa pini ya chuma. Mabango mengi niliyowahi kuyaona yana kasoro moja, yanachora Kwaresima mahali pamoja daima, wakati Pasaka inahamahama kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili na kuuvuta mwaka wote nyuma yake. Hapa wameweka duara la pili, dogo, lenye Kwaresima na Pasaka, linalozunguka juu ya lile kubwa. Mwanzoni mwa mwaka unalisogeza hadi Jumatano ya Majivu ya mwaka huo, unalibana, na kile kijani kinagawanyika chenyewe, wiki chache kabla na nyingi baada. Mapacha walielewa kwa nini Kipindi cha Kawaida kimekatwa vipande viwili bila mimi kufungua mdomo. Pini ndiyo dhaifu. Kitinda mimba aligundua mshale unazunguka, na tulikaa katika Pentekoste muda mrefu kuliko Kanisa linavyoruhusu. Litundike juu.

Historia nayo inakwenda kwa mzunguko wa miaka minne, zama za kale kwanza. Kitabu chenyewe ni cha kawaida, sentensi ndefu, picha za kufifia. Kazi kubwa wanaifanya kadi. Kila kadi ina tukio upande mmoja, na upande wa pili mwaka na mistari mitatu minne. Tumefunga kamba ukutani, kadi zinaning'inizwa kwa vibanio vya nguo kwa mfuatano wa miaka. Wadogo wanabandika, wa kati wanasoma mwaka, wakubwa wanaeleza. Kadi moja, dakika kumi, nyumba nzima.

Nitasimulia siku ya Nikea. Kadi mbili za awali zilikuwa kambani tayari: mwaka 203, Perpetua na Felisita wanauawa Karthago, na mwaka 313, Konstantino na Lisinio wanakubaliana kule Milano kuwapa Wakristo uhuru wa kuabudu. Kadi mpya ilikuwa ya 325, Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu. Wa miaka 13 akaibandika, akarudi nyuma hatua moja, akatazama kamba.

"Mama, hii ni miaka kumi na miwili tu."

"Ndiyo."

"Juzi tu walikuwa wanauawa. Wameachwa huru, tayari wanagombana?"

Basi ndipo tukamzungumzia Ario, aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe, na kwa nini maaskofu waliona jambo hilo haliwezi kuachwa lipite. Kiongozi kilinitaka nisome kurasa mbili kwa sauti. Sikuzisoma. Dominika iliyofuata, tulipofika kwenye "aliyezaliwa bila kuumbwa" katika Nasadiki, ile Kanuni ya Imani ya Misa, mapacha wakagongana viwiko pale benchini, na mmoja akanigeukia na uso wa mtu aliyekutana na jirani yake ugenini. Vitabu vya mazoezi vya darasa havijawahi kunipa kitu cha namna hiyo, ingawa ndivyo vilivyokula sehemu kubwa ya pesa.

Kwa hivyo vya darasa nitakuwa mkali. Kitabu cha lugha ni cha kujaza nafasi zilizoachwa wazi, ukurasa baada ya ukurasa. Mtoto anajaza, anafunga, amesahau. Vinanunuliwa vipya kila mwaka kwa sababu vinaandikwa humohumo, na ilani ya mbele inakataza kuvinakili hata kwa ndugu wa nyumba moja. Mwenye watoto wengi anajua maana yake. Kitabu cha wa 11 hakiwezi kurithiwa na mapacha. Tuliokoa vichache kwa kuingiza kurasa kwenye mifuko ya plastiki angavu na kuandika juu yake kwa kalamu ya ubao, halafu tunafuta. Inawezekana kwa kurasa zenye mistari mikubwa. Kwa mwandiko mdogo wino unatapakaa. Mwaka huu vya lugha sijaagiza kabisa. Wadogo wananakili mistari ya Zaburi na Injili kwenye daftari, wa kati wanaandikiwa imla kutoka kitabu cha watakatifu, wakubwa wanaandika insha juu ya kadi ya wiki. Baba yao alisema tunawanyima sarufi. Nikampa daftari la wa 11 la Januari na la Novemba ayalinganishe, na maongezi yakahamia kwingine.

Sayansi ndiyo iliyoniudhi. Kila sura inaanza na maisha ya mwanasayansi Mkatoliki, na maisha hayo yameandikwa vizuri. Tunamjua Gregor Mendel, mtawa wa Kiagustino kule Brno, aliyepanda njegere bustanini miaka na miaka na kuhesabu mbegu za mviringo na za mikunjo. Tunamjua padre Georges Lemaître, Mbelgiji, ambaye mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unapanuka. Halafu yanafuata maswali ya kujaza. Hakuna mahali mtoto anaambiwa apande njegere. Somo hili ndilo rahisi kuliko yote kulifanya pamoja, watoto sita na ndoo moja ya maji, nao wamelikata vipande kwa madarasa na kila kipande wamekiuza peke yake.

Hesabu hapana, hapo nawatetea. Hesabu haiwezekani kufundishwa nyumba nzima kwa pamoja, aliyejaribu anajua. Kila mtoto yuko alipo. Jaribio la kupima linalokuja na seti ni la kweli, halibembelezi. Wa 11 lilimrudisha nyuma darasa moja kwenye sehemu, na lilikuwa sahihi, kwani alikuwa anajua kugawanya sehemu kwa kugeuza bila kujua kwa nini anageuza. Pacha mmoja alipelekwa mbele ya mwenzake, jambo lililozua siku mbili tatu za kununiana, kisha likapita. Mazoezi yana mpangilio mzuri: mapya machache, ya marudio mengi. Vitalu vya mbao vya kuhesabia, mamoja, makumi na mamia, vimedumu, licha ya kwamba mdogo anajengea minara.

Tatizo la hesabu ni kitabu cha majibu. Ni kimoja kwa madarasa yote. Kwa mtoto mmoja ni urahisi. Kwa sita wanaosahihisha asubuhi moja ni kitu cha kugombaniwa. Pia kinaonyesha jibu la mwisho tu, bila njia, kwa hiyo aliyekosa anajua amekosa na basi. Na kuna mengine. Siku moja nilikuwa napitia daftari la wa 11, nikaona amepata yote, hongera, mpaka nilipofika swali la mwisho lililotaka atunge fumbo lake mwenyewe la hesabu. Jibu lake, kwa mwandiko safi kabisa: "Majibu yatatofautiana." Tangu siku hiyo kitabu kilikatwa mgongo, kikagawanywa kwa madarasa, kikafungwa kwa spiro vipande vipande, na vipande vinakaa chumbani kwetu.

Sasa niseme juu ya ushauri mmoja wa kiongozi unaorudiwa kila sura: wakubwa wawafundishe wadogo. Kitabu cha watakatifu kinauunga mkono kwa mfano mzuri sana. Mt. Teresia wa Mtoto Yesu alikuwa wa mwisho katika watoto tisa wa Louis na Zélie Martin, ambao Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu pamoja, mume na mke, tarehe 18 Oktoba 2015. Wanne kati ya watoto hao walifariki wadogo. Zélie alipofariki mwaka 1877 Teresia alikuwa na miaka 4, na familia ilipohamia Lisieux, dada yake Pauline, aliyekuwa ametimiza miaka 16, ndiye aliyemfundisha nyumbani hadi alipopelekwa shule ya masista Wabenediktini mwaka 1881. Kifungua mimba wangu alisoma habari hiyo kwa sauti kwa wenzake, alipomaliza akasema, "Mama, huyu ni mimi kabisa," huku mdogo wa 4 amemlalia mgongoni.

Nilicheka, ila nililifikiria. Kiongozi kinamfanya msichana wa miaka 15 kuwa mwalimu msaidizi wa asubuhi nzima: asikilize kusoma kwa wa 7, asahihishe hesabu za mapacha, amwangalie mdogo, kisha "alasiri" afanye masomo yake. Alasiri hiyo kila mwenye nyumba anaijua. Pauline alibeba mzigo huo kwa sababu mama alikuwa amefariki. Kwangu mama nipo. Tumekubaliana hivi nyumbani: kila mkubwa anampa mdogo mmoja nusu saa, ya kusoma hadithi au ya kukariri, basi. Anachagua mwenyewe mdogo yupi. Saa zake mbili za kwanza za asubuhi, kichwa kikiwa kizima, ni za algebra na insha zake, na haitwi. Kama utafuata neno moja tu la mapitio haya, fuata hilo na uache ratiba ya kitabuni.

Kwa wa 4 na kitinda mimba seti haina kitu. Kuna sentensi moja: "Wadogo washirikishwe kwa upendo." Ahsante. Kilichotusaidia ni kapu la asubuhi linalofunguliwa wakati wa masomo tu na kufungwa yakiisha: vitalu vya ziada, kadi za watakatifu zilizopinda pembe, rozari ya mbao yenye punje kubwa, udongo wa kufinyanga. Likiachwa wazi siku nzima halina tena mvuto. Na masomo ya pamoja, dini na kadi, yafanyeni mapema wakati mdogo bado ana furaha. Hesabu zisubiri alale.

Kuna sehemu ya kumbukumbu za mahudhurio na maendeleo mwishoni mwa kiongozi. Imetengenezwa kwa siku 180, yaani wiki 36 za siku tano, hesabu ya sehemu nyingi za Marekani. Usidhani inatosha kwako. Sheria zinatofautiana mno: Marekani majimbo yote 50 yanaruhusu, kila moja kwa masharti yake, Ufaransa tangu 2022 lazima upate kibali kwanza, Ujerumani kwa kawaida hairuhusu. Ujue nchi yako inadai nini kabla ya kuagiza hata penseli. Karatasi za mahudhurio zenyewe ni nzuri, zina nafasi ya watoto kumi kwa ukurasa, mahali pekee ndani ya kiongozi ambapo mtunzi ameamini kweli kwamba tupo.

Ubora wa vitu vyenyewe: karatasi za vitabu vya mazoezi ni laini, ufutio ukisugua mara mbili unatoboa, na kalamu ya wino inavuja upande wa pili. Vitabu vya familia vimeshonwa, vinalala wazi mezani bila kushikiliwa, jambo kubwa kwa anayesoma huku amepakata mtoto. Kadi ni ngumu. Sanduku lilifika kamili isipokuwa kitabu kimoja cha hesabu, na walipoandikiwa walituma kingine bila maneno mengi, ila kilifika wakati mwenye nacho amekwisha azima cha kaka yake na kuzoea.

Kwa anayetaka kuiga, agizo langu la mwaka huu ni kitabu cha dini cha sehemu ya pili, kadi za zama za kati, na vitabu vya hesabu vya watoto sita, pacha kila mmoja na darasa lake. Bango ni lilelile la mwaka jana, nimeligeuza duara dogo hadi Jumatano ya Majivu ya mwaka huu na pini nimeibadilisha kwa nati na bolti. Lugha na sayansi hakuna. Pesa iliyobaki imekwenda kwenye madaftari, darubini ndogo moja ya kuangalia vijidudu vya maji, na mbegu za njegere.